Simu ya Mama Chini ya Mihogo

Mpendwa dada Skola,

Hupokei simu zangu, na sikulaumu sana, maana najua maneno niliyokuwa nikikupigia nayo. Basi nakuandikia.

Kazi yangu unaijua. Miaka yote hii kwenye kibanda changu hapa Kasulu sijawahi kuletewa simu iliyolowa na mtu msema kweli. Wote husema mvua. Hata kiangazi, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope, mtu anakuambia mvua, huku simu yake inanuka pombe au sabuni ya kufulia. Mimi nafungua, nanusa, halafu namwangalia usoni. Kwa hiyo uliposema simu ya mama ilikuponyoka ikatumbukia kwenye dimbwi la kulowekea mihogo, dada yangu, nilikunusa na wewe.

Unakumbuka ni mama mdogo aliyeipata. Siku ya tatu baada ya mazishi ya mama, pale nyumbani Murungu, alikwenda kuopoa mihogo akaigusa chini kabisa, chini ya mihogo yote na jiwe la kuikandamizia. Akaja nayo mbio, inachuruzika. Alishasikia kwamba simu iliyolowa hufukiwa kwenye mchele, lakini mchele wote ulikuwa umeisha msibani, akaifukia kwenye unga wa muhogo na kuianika juani siku nzima. Masikini mama mdogo, alidhani ananisaidia! Nilipokuja kuikagua, tundu la chaji lilikuwa limejaa ugali. Ugali kabisa, umeganda, umebaki kumegwa tu. Siku nyingine mimi na wewe tungecheka mpaka tukae chini.

Siku hiyo sikucheka. Nilikuuliza mara mbili. Mara ya kwanza ulisema ilikuponyoka ulipokuwa unamimina mihogo. Mara ya pili ukasema ulikuwa unachota maji. Sasa ipi? Wewe tangu utotoni hufui nguo bila kupapasa kila mfuko. Ni wewe uliyeikuta ile pini ya nywele kwenye pindo la sketi yangu ya shule, ukanibana mpaka nikasema ni ya nani. Mtu wa namna hiyo aangushe simu ya marehemu bila kujua? Thubutu! Na kitu kilichoponyoka hukaa juu ya mihogo, dada. Hiki kilikuwa chini yake.

Uliponiona naifunga kwenye khanga ukasema, "Achana nalo, Dafroza. Limeshakufa hilo."

"Kama limekufa unaliogopea nini?"

Ukageuka ukaingia jikoni. Kesho yake asubuhi ulikuwa umeshaondoka kwenda kwa mumeo Nyabibuye, na matanga hayajaanuliwa.

Hapo ndipo akili yangu ilipokwenda kwenye shamba la bondeni. Mama alikuwa anasema kila mara kwamba atatamka mwenyewe nani atalirithi, na amekufa hajatamka. Nikajiambia, amejirekodi kwenye simu, amenitaja mimi, na Skola amesikia. Sikuishia kujiambia. Nilisema sebuleni, mbele ya mama mdogo na wajomba na wanakwaya wenzake mama: Skola ameizamisha sauti ya mama kwa sababu ya shamba. Watu waliinama. Nikachukua kuinama kwao kuwa ndiyo.

Nilirudi Kasulu na ile simu nikaishughulikia kwa hasira, nikiwaacha wateja wangoje. Nikaifungua yote. Maji ya mihogo yana uchachu wake, yalishaanza kula bodi, kutu ya kijani imepanda kwenye miguu ya betri. Nikasugua kwa mswaki na spiriti, nikachokonoa unga kwa sindano punje kwa punje, nikapitisha bloa ya hewa ya moto kwa mbali ili nisiunguze kitu. Kioo nikatoa kwenye simu mbovu, betri nikaazima. Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili ikatetemeka ikazima. Nikawa naongea peke yangu: leo utasema, leo utasema tu. Mteja mmoja akaniuliza naongea na nani, nikamfukuza.

Iliwaka siku ya gulio, mchana, barabara nzima ina kelele. Nikafunga mlango wa kibanda ili nisikie vizuri jina langu likitajwa kwenye shamba.

Rekodi ya kwanza ilikuwa mama anaimba wimbo wa kwaya, anausahau katikati, anacheka. Ya pili ilikuwa ya siku zake za mwisho. Pumzi yake ilisikika kabla ya maneno.

"Dafroza, mwana wanje, mwanangu. Ni mama. Kifua kinanibana. Njoo."

Ya tatu: "Dafroza, hujasikia? Nimebonyeza hapo pekundu kama ulivyonionyesha."

Dada, ni mimi niliyemwonyesha. Mama kupiga hakuweza, alijua kupokea tu, nami nilimwambia akinikumbuka abonyeze hapo pa kurekodi, aseme, nitasikia. Nilikuwa na maana nitasikia nikija. Yeye alielewa kwamba nasikia palepale, huku Kasulu.

Ukiacha ule wimbo, ziko tisa. Kwenye tisa zote ananiita. Shamba hakulitaja hata mara moja. Na kwenye ile ya mwisho na wewe umo.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mdogo wako. Mbona hajibu?"

Nilidhani imekatika. Kisha nikakusikia unasema taratibu, "Amesikia, mama. Amesema yuko njiani."

Sikuwa njiani. Ulikuwa umenipigia asubuhi ile kwa simu yako, nikakuambia hayo ni mafua tu, nina wateja, nitakuja Jumamosi. Mama akafa Alhamisi.

Sasa naelewa kwa nini hukufuta tu. Umeniona mara ngapi nikirudisha picha za watu zilizofutwa? Ulijua nikiishika simu ile nitatoa kila kitu kilichomo. Ukaitupa mahali ulipodhani siwezi, ukauacha mdomo wangu ukuite mwizi mbele ya watu, ukaenda zako Nyabibuye bila kujitetea.

Nina hasira na wewe bado, sitakuficha. Nani alikuambia uniamulie nisikie nini na nisisikie nini? Lakini nikimaliza kukasirika nakuona umekaa na mama peke yako, unanitungia majibu. Naona aibu, dada. Naona aibu mpaka kula kunanishinda.

Nimempelekea mama mdogo nakala ya barua hii. Nimemwomba aisome kwa sauti sebuleni, palepale nilipokutukana, na wajomba wawepo na wanakwaya wawepo. Wasikie na ile habari ya Jumamosi.

Wewe hii yako nimempa dereva wa basi, itatangulia kufika. Kesho asubuhi nafunga kibanda nakuja Nyabibuye. Ukitaka kunisema, nitakaa unimalize. Ukitaka kunyamaza, nitakaa vilevile. Nifungulie mlango tu.

Safari hii niko njiani kweli.

Mdogo wako