Mtani Amekosa Kaburi

Itigi, Jumapili. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Heri vumbi, nina cha kusingizia macho mekundu.

Eliza wangu amekufa.

Mkwe alipiga simu juzi kutoka Burundi. Walikuwa wanakimbia kutoka Uvira, Kongo, walikokuwa wakiishi, risasi ikampata binti yangu kabla hawajavuka mpaka. Kazikwa hukohuko, kando ya barabara. Mkwe kavuka na watoto wawili.

Wanaokuja msibani wananiuliza, "Mzee Njiku, vita gani hiyo?"

Najibu ya Kongo. Halafu nakaa, naona nimedanganya. Mkwe wangu ni Mrundi. Wazazi wake walikimbia vita ya kwao, wakamzaa kambini Kigoma. Akapanda treni akaja hapa kununua asali, akaniibia binti. Na hao wenye bunduki kule Uvira, anasema, wapo Wakongo, wapo waliotoka Rwanda, wapo Warundi wenzake. Kila aliyeshindwa kwao kahamia kwa jirani na bunduki yake.

Nami nilikuwa namcheka mtangazaji wa redio: leo Kongo, kesho Sudani, hana jingine? Darasa la nne langu lilinifundisha mipaka. Halikunifundisha nani anaivuka.

Vita ya Burundi ilinipa wajukuu. Ya Kongo imemchukua mama yao. Nizitenganishe vipi?

Mchana akaja mtani wangu Shija, Mnyamwezi, jembe begani. Kila msiba wetu hujilaza kaburini, hatoki mpaka tumpe chochote. Nami kwao nafanya vivyo hivyo. Alipofiwa na mama mkwe wake nililala kaburini nikaomba na mto.

"Nyie Wanyaturu wachoyo!" akapiga kelele. "Kaburi mmelificha wapi nisilale?"

Watu wakacheka. Kisha Shija akashusha jembe begani.

"Mtani, nisamehe."

Hajawahi kuniomba msamaha maisha yake yote, mbwa yule. Nikamwambia, "Nenda Uvira ukalale, nauli juu yako." Akakaa chini, akalia kuliko mimi.

Mkwe anawaleta watoto. Jirani mmoja kaninong'oneza, "Usituletee vita hapa, mzee." Nikamjibu vita imeshafika, na huo ubwabwa wa msiba anaoula ndio wake.

Kesho nakwenda stesheni kuwapokea. Yule mdogo ananijua kwa simu ya video tu, nilikuwa namkunjia uso acheke.

Sijui kesho nimkunjie uso upi.