Makaa Chini ya Mti wa Msalaba

Jumatatu, 2 Juni
Nimenoa jembe, nimejaza chai kwenye chupa, tumetoka Chanika mapema na shemeji Hamisi. Siku ya sita tunachimba msituni. Huyu ni kaka yake Zaituni, mke wangu. Anachoka upesi. Mie nina sabini na moja na bado nachimba kuliko yeye.
Mti wenye msalaba uliochanjwa kwenye gome niliuona mie, si mtu mwingine. Nimechonga vinyago miaka arobaini, chuma kikipita kwenye mti nakijua. Ule ni mkono wa Mjerumani. Alizika rupia zake, fedha za enzi yake, hapa akikimbia vita. Na udongo ni laini. Pasipochimbwa hapawi laini hivi.

Jumatano, 4 Juni
Tumekuta makaa! Kila mtafuta mali anajua, Mjerumani alikuwaga anatandaza makaa juu ya sanduku. Hamisi kacheka. "Shemeji, ukipata rupia nunua meno kwanza." Nikamwambia na lako la mbele nitalilipia mie.
Lakini roho haijatulia. Mganga wa Mbagala alituonya. Makaa yakitokea, kimya. Atakayetoa sauti shimoni, mzimu wa mwenye mali unamchukua. Kuanzia kesho ni ishara tu.

Alhamisi, 5 Juni
Kimya kutwa. Shimo limefika kifuani. Kitu kilivunja kijiti nyuma yangu, mara mbili. Sikugeuka. Mie siogopi kitu, ila leo chai ilinimwagikia. Hamisi aliona.

Ijumaa, 6 Juni
Hatukwenda, siku ya sala. Hamisi anataka tukate miti tuzuie kingo, zinamomonyoka. Nimekataa. Nimemwita mwoga mbele ya dada yake.

Jumamosi, 7 Juni

Ilikuwa zamu ya Hamisi kuwa chini. Alipoinama ukingo ukamshukia. Mchanga ukamfika shingoni. Akanitazama, hakusema neno. Alikuwa anashika mwiko. Na mie nikaushika. Nachimba kwa mikono, nikitoa unarudi. Watu walikuwa wanakata miti si mbali, nawasikia. Sikuita. Niliogopa kuchukuliwa. Mie niliogopa. Nikatoa mchanga, nikatoa, mpaka macho yake yakajifumba.
Ndipo nikapiga ukelele. Hamisi! Jamani, mtu anakufa!
Wakaja wachoma mkaa watatu na makoleo, wakamtoa. Anapumua. Mguu umevunjika.
Mmoja kaniuliza, "Mzee, mnatafuta nini kwenye tanuri letu la mwezi uliopita?" Makaa ni yao. Msalaba waliukata wao kwa panga, wasije wakachoma tena palepale.

Jumapili, 8 Juni
Nimekaa uani nasubiri kuchukuliwa. Hakuna aliyekuja.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwenda kumwona Hamisi. Mguu umefungwa plasta. Kila mgeni akija, Hamisi anamwambia, shemeji alipiga kelele papo hapo, bila yeye mngenizika. Zaituni akanishika mkono. Nikauchomoa.
Ule msalaba ulikuwa bado unatoa utomvu, mkato mpya, si wa Mjerumani. Niliuona siku ya kwanza.
Kutoka pale nimekwenda peke yangu kulifukia shimo. Kila koleo nililomwaga, nimeita jina lake kwa sauti. Hamisi. Hamisi. Mpaka limejaa.