Jina Nililompa Mbuzi wa Wifi

Jumapili. Ukungu umelala juu ya uwanda wetu wa Rondo tangu asubuhi, hata kanga niliyojitanda imeshika unyevu. Lakini mimi sisikii baridi. Nimewaka.

Shajara yangu, leo nimelipiza kisasi.

Nimelipiza kwa mbuzi.

Ngoja nieleze, maana wengine mnaosoma shajara hii mtandaoni mko mbali na hamjui mambo yetu. Kijijini tuna kikundi cha kusaidia kaya zilizokwama, kilichoanzishwa na akina mama wa kanisani na wa msikitini. Ukiumwa wakati wa palizi, wanakuja na majembe yao wanakupalilia shamba. Mtoto akikosa sare, wanamshonea. Ila wanajulikana zaidi kwa mbuzi. Unapewa mbuzi jike. Akizaa jike, huyo mwanambuzi akishaacha kunyonya unampeleka kwa mikono yako kwenye kaya watakayokutajia, na huruhusiwi kuchagua. Haki yako ni moja tu: wewe ndiye unayempa jina, mbele ya watu, na jina halibadilishwi.

Wengi hutoa majina ya shukrani. Mimi mbuzi wangu nilipewa na Mama Anjelina, mwenyekiti wetu, naye alimwita Pumzika. Siku ile nililia kama mtoto.

Juzi Mama Anjelina alikuja kwangu. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akanitajia kaya ambako mtoto jike wa Pumzika atakwenda. Kwa Somoe.

Somoe ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu.

Huku kwetu bado wapo wanaoshikilia kwamba mali ya mwanaume ni ya wapwa zake, watoto wa dada yake. Mume wangu alipofariki, Somoe alilishikilia hilo kwa meno. Hata eda sikuwa nimemaliza. Aliingia ndani, akatoa sufuria zangu moja moja, akasimama mlangoni mbele ya watu waliokuja kunipa pole, akasema, "Hapa huna chako." Nikatoka na mkeka na watoto wangu wawili. Nyumba niliyoikandika kwa mikono yangu ikawa yake. Mikorosho niliyoipulizia dawa ya salfa nikiwa na mimba, ikawa yake.

Kiangazi kilichopita moto wa watu wanaosafisha mashamba ulivuka ukaingia kwenye mikorosho ile, ukaimaliza yote. Nilifunga mlango nikacheka mpaka mbavu zikauma. Simwombi mtu radhi kwa hilo. Baadaye mumewe akashuka Lindi mjini kutafuta kazi, na mpaka leo hajarudi. Kitinda mimba wao, Zuhura, haongezeki uzito. Kila akipimwa kliniki wanatikisa kichwa. Kikundi kinampelekea unga wa uji, na sasa zamu yao ya mbuzi imefika.

Mama Anjelina aliniuliza kama nitaweza. Nikamjibu, naweza sana.

Jina nilikuwa nalo kabla hajanyanyuka kitini.

Hunachako.

Nililijaribu chumbani peke yangu, nikalionja mdomoni. Nikamwona Somoe akilini, kila magharibi, amesimama mbele ya ile nyumba aliyoninyang'anya, anapaza sauti: Hunachako, njoo! Mbuzi haitwi kwa kunong'ona. Kijiji kizima kingekuwa kinamsikia akijitukana, leo, kesho, miaka. Mwanambuzi mwenyewe nilimlisha vizuri, majani mabichi na pumba, asije mtu akasema nimetoa mnyama mgonjwa kwa roho mbaya. Roho mbaya niliiweka kwenye jina.

Leo mchana tukaenda, watu wa kikundi na majirani. Somoe alitoka nje. Amekonda, mifupa ya shingo inaonekana. Sikumhurumia, naandika ukweli. "Karibu wifi," akasema. Nikaitikia kwa kidevu. Zuhura alikuwa kwenye mkeka, miguu myembamba, na paji la uso ni la mume wangu kabisa. Sikutaka kumtazama. Nikamtazama.

Mama Anjelina akauliza jina la mbuzi.

Nikalitamka kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaguna. Wote walikuwepo siku ile, wote walijua limetoka wapi. Nikakaza macho usoni kwa Somoe nione aibu inavyomshuka.

Akapokea kamba kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu mwenye adabu. Kisha akasema, "Hilo jina nalifahamu. Nilikutamkia mimi, kwenye mlango huu huu, ukiwa kwenye eda. Ahsante kwa mbuzi, wifi."

Basi. Akachuchumaa, akamshikisha Zuhura ile kamba.

Nilikuwa nimejiandaa. Angelia, nilikuwa na la kumwambia. Angenitukana, nilikuwa nalo pia. Angekataa mbuzi, ndiyo ningesherehekea. Hili sikuwa nimeliwaza. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira zaidi kuliko niliyokwenda nayo, na mpaka sasa sijui nimkasirikie nani.

Sijamsamehe. Hilo lijulikane. Nyumba bado anaikalia yeye, na hakusema neno juu ya kuirudisha.

Magharibi nilitoka nje makusudi, nikasimama karibu na banda nisubiri utamu wangu. Sauti yake ikavuka bonde. Hakunong'ona, wala hakulimeza jina. "Hunachako! Hunachako, njoo!" Kisha kisauti kidogo cha Zuhura kikafuata, kinaita vilevile, kinacheka. Pumzika, ambaye tangu mchana alikuwa akimlilia mwanawe, akasimamisha masikio, akalia kwa nguvu zaidi.

Utamu sikuuona. Nilimtupia majani, nikaingia ndani.

Kesho nitaamka, nitafagia banda, nitakwenda shambani. Maisha yangu yako palepale. Lakini kuna jambo sikulifikiria nilipokuwa nalionja lile jina chumbani. Hunachako naye atakua, atazaa, na mtoto wake wa kwanza jike atapelekwa kwenye kaya nyingine. Sote tutakusanyika, nami nitakuwepo. Siku hiyo mwenye haki ya kutoa jina atakuwa Somoe.

Atamwita nani?