Chenga Zangu za Moshi

Jumapili, 2 Novemba 2025

Uwanja wa barafu tena, chini ya duka kubwa la Tianhe. Nje watu wamevaa fulana, mimi ndani na koti zito! Sia, ninayemfundisha chenga wiki ya sita sasa, ni mwanafunzi wa uhandisi, mtoto wa Rombo. Barafu alizoea kuiona kwa mbali tu, kileleni. Sasa anateleza juu yake kama kazaliwa nayo.

Timu ya magongo ya barafuni inakwenda mashindanoni Shenzhen, imebaki nafasi moja. Kocha Liang kasema: Jumamosi Sia apewe majaribio matatu. Ampite Clément mara moja tu, nafasi yake.

Clément! Beki wa timu, Mlubumbashi, mnunuzi wa nguo soko la Shahe, mpana kama kontena. Mchezo aliujifunzia Montréal. Kila akimpokonya Sia kisahani — ndio mpira wao, cheusi, bapa — anapaza sauti, Kichina na Kifaransa pamoja: “Meiyou, petite! Hakuna, mdogo! Njia hakuna!”

Jumanne, 4 Novemba

Zoezi kwenye korido ya nyumba yangu, mtaa wa Xiaobei, kwa mpira wa tenisi. Chenga zile zile nilizocheza Moshi mwaka 1974, magongo ya kwenye majani: vuta kushoto, geuza gongo, ondoka kulia. Bega lidanganye kwanza. Sia kazishika! Jirani Albertine akachungulia: Papa Vedasto, munabomoa nyumba ya watu?

Nilicheka kama mjinga.

Alhamisi, 6 Novemba

Aibu. Kapokonywa mara nane kati ya nane. Clément akanijia anafuta jasho: “Papa, ni nani alifundishaka huyu petite kugeuza gongo? Akigeuza tu, nimeshajua anaenda kulia.”

Ni mimi. Kwenye majani, kugusa mpira kwa mgongo wa gongo ni faulo. Mwalimu wetu alitupulizia filimbi hadi mikono ikazoea kugeuza gongo kwanza. Barafuni pande zote mbili ni halali! Wiki sita namfundisha mtoto wa watu kuogopa nusu ya gongo lake. Miaka arobaini na moja ugenini, vitabu vyote nilivyosoma — na kanuni za mchezo sikuzisoma.

Nilimwambia ndani ya metro. Aliangalia kiganja chake, akakigeuza, akakigeuza tena. Kisha: “Babu, mkono umeshazoea.”

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika jukwaani, vidole vina ganzi. Jaribio la kwanza: kageuza, kapokonywa. La pili: kajizuia asigeuze, kisahani kikamponyoka chenyewe.

Dakika mbili za kupumua. Kaja ukingoni: “Babu, tafadhali, usiseme kitu.” Sijasema. Nina hotuba nzima kifuani!

Karudi katikati. Mbele ya Clément anageuza gongo, anageuza tena, kama mtu aliyekata tamaa. Clément anatabasamu, anageuka kunywa maji. Hapo hapo Sia anasukuma kisahani kwa mgongo wa gongo — polepole, mara mbili. Kinatii! Clément anapoweka chupa, binti anageuza tena, uso mkavu.

Anamzoesha kuisubiri ile dalili ya kugeuza, ili jaribio la tatu ampite bila kuitoa. Hilo sikumfundisha mimi.

Kocha kainua filimbi. Mikono nimeitia mfukoni, isije ikamwonyesha kitu — hapana, kalamu kwanza.