Kobe wa Papa Bilali

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipouacha mwiko wako ndani ya ndoo, Papa Bilali, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo. Hukurudi kuuosha. Yakubu, mwanao, aliukwangua simenti kwa msumari, na ndio anaofanyia kazi mpaka leo.

Bado tunakuona asubuhi, ukichanganya simenti na unga wa mbao kwa mikono mitupu huku ukiimba vibaya. Vyungu vya maua, bata, kobe wa bustani, vyote vyepesi kiasi kwamba Mama Marthe wa Isangi alikuwa akipanda boti na vyungu vitatu kichwani. Kilichovunjika ulikitengeneza bure, hata kama mwenyewe alikiangusha kwa ulevi wake.

Ni kobe wetu watano tu uliotukataza kuwatengeneza. Uliwapanga kwa mstari kutoka jikoni hadi ukingo wa korongo, miguu yao imefukiwa ardhini. Kobe wa wateja uliwatia waya ndani, hawa hukuwatia. Ungali hai, wawili wa mwisho waliporomoka korongoni pamoja na udongo, tukasema ni mvua tu. Wa tatu alipopasuka tulikutania kwamba mganga hajigangi. Ulicheka kidogo. "Za watu tunatengeneza," ukasema. "Hizi zetu, muziache."

Hatukuuliza kwa nini. Tulidhani ni uvivu wa fundi nyumbani kwake, na tunaona aibu kuliandika hilo hapa.

Mwezi uliopita, tukitaka kiwanja kipendeze kwa ajili ya dua yako, Yakubu aliuchimbua ufa wa yule kobe, akaulowesha, akaujaza, akampaka rangi ya kijani. Alitoka vizuri, Papa. Ungejivunia.

Mvua ikanyesha siku mbili. Tonton Ruphin, uliyechanganya naye simenti miaka ishirini, akaja kuulizia dua. Alipomwona kobe hakukaa. Aliuliza nani ameufunga ufa, na Yakubu akajibu kwamba ni yeye.

"Papa yako aliweka hii pale ipasuke kwanza, mbele ya nyumba kupasuka," Tonton akasema. "Ikipasuka, ni udongo inatembea. Mumemufunga kinywa."

Alitueleza kwamba ulikuwa unatafuta kwanza kiwanja kingine, hukutaka kumtisha Mama bure. Kifo kikakuwahi. Tulipoinama kumtazama kobe, rangi mpya ilikuwa imekwisha kuchanika palepale pa zamani.

Tuliogopa sana. Chumba cha Mama Hadidja, mkeo, kinagusana na jiko, na wajukuu wawili hulala humo. Mama akakataa kutoka. Alisema nyumba hii uliijenga tofali kwa tofali, na ya Ruphin ni maneno ya Ruphin. "Bilali mwenyewe aniambie," akasema, "ndiyo nitatoka."

Basi Yakubu akatengeneza kobe mwingine kwa kipimo chako, bila waya. Akamfunika magunia mabichi siku saba asipasuke kwa jua, kisha akamfukia miguu mbele ya mlango wa Mama. Kila asubuhi Mama alifagia kumzunguka bila kumtazama. Sisi tulimtazama kwa niaba yake, kutwa mara kumi.

Ijumaa Mama alikuwa akianika nguo, akatuita. Ufa ulikuwa umepita mgongoni, mwembamba kama uzi, ukaendelea ardhini hadi chini ya kizingiti. Alichuchumaa hapo muda mrefu.

"Bon," akasema. "Amesema."

Alimfukua kobe kwa mikono yake, akampakata kwenye pikipiki mpaka Mangobo kwa Tonton Ruphin. Watoto na magodoro vikafuata.

Dua yako itasomwa huko Mangobo, Alhamisi baada ya alasiri. Tunawaomba ndugu na jamaa wasipitie kiwanja cha zamani. Jiko na chumba cha Mama viliingia korongoni Jumapili, na mvua kubwa bado hazijaanza. Majirani mliobaki ukingoni, tafadhali, ufa wa ukutani msiufunge kwa rangi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Hadidja, mwanao Yakubu, mimi binti yako Rachida ninayeandika haya, wajukuu zako, na Ruphin, ndugu yako wa kazi.

Daima tutakukumbuka, Papa. Sote tupo.