Sauti ya Mama, Kitenge cha Mama

Jumatatu, 3 Juni
Likizo, nyumbani Mabira. Asubuhi kukamua, mchana kuchuma kahawa na mama. Mikono iko shambani, kichwa kiko kikosini. Roboti yetu ya kutafuta mabomu ya ardhini ilitekwa kwenye majaribio, mbele ya afande. Wenzetu waliopewa kazi ya kujifanya adui walinasa hewani amri yetu ya "njoo", wakairudia. Ikawafuata kama mbwa asiye na mwenyewe. Programu niliandika mimi. Naona aibu.

Jumatano, 5 Juni
Afande kapiga simu. Majaribio tena Jumatatu. Ikitekwa tena inaenda stoo, na Deus atatangulia kwa miguu kwenye mabomu. Deus ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama anajua ni fundi, basi.

Ijumaa, 7 Juni
Mama kaenda msibani Nyaishozi, atalala huko. Ng'ombe wake, Bihogo, mama asipokuwepo hanijali hata nimwite vipi. Nikafanya ujanja. Simuni nina sauti ya mama akimwita, nikaifungulia. Kaja mbio. Nikamcheka: na wewe umetekwa. Kufika, kaninusa. Teke, ndoo kule, maziwa kayabana.

Nikajifunga kitenge cha mama cha zizini. Akanusa tena, akatoa.

Nimekaa na ndoo kama mjinga. Sauti ilimleta tu. Maziwa hakuyatoa mpaka ahakikishe. Roboti yangu haihakikishi chochote. Kitenge nacho kinaibika, mwizi ni mimi hapa. Kwa hiyo roboti iulize swali kwanza, na swali liwe jipya kila mara.

Jumamosi, 8 Juni
Shamba sikwenda. Sasa kabla ya kutii, roboti inauliza, kila mara swali lingine, na jibu linatoka kwenye rimoti ya Deus peke yake. Amri ya jana haina kazi leo. Programu mpya nimemtumia Deus kwa njia yetu ya siri. Rimoti ikiibwa je? Hilo bado. Moja moja.

Jumatatu, 10 Juni
Deus kapiga. Wale wa kujifanya adui wamerudia amri asubuhi nzima, roboti haikusogea. "Dada, imewanunia," anasema. Itatangulia yenyewe, yeye nyuma. Nililia mbele ya kahawa iliyoanikwa. Mama akauliza kulikoni, nikamwambia yote. Kisha akauliza kama hicho chombo kinamjua Deus. Nikasema ndiyo, mama, sasa kinamjua.

Jumanne, 11 Juni
Ukungu. Mama kakamua mwenyewe. Bihogo kamnusa kwanza, hata yeye. Mama akangoja.