Sauti Iliyofichwa Chini ya Upepo

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo, nikitumaini zimekukuta umekaa sawa na goti lako limekupa nafuu. Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na anaringa na pengo lake kama aliyepandishwa cheo. Kazini wananicheka kwamba zama hizi bado naandika barua. Mimi huwajibu kwamba mama yangu aliugua koo nikiwa bado nanyonya, sauti ikamtoka isirudi, na maandishi ya kwenye simu anayaita mchanga wa macho. Basi hunitafutia bahasha.

Nina habari, Mama. Itafute miwani, ukae.

Mkuu wetu aliagiza tupunguze filamu kuukuu ghalani, zilizooza zitupwe. Katika kupekua nikakuta moja ya kutisha, ya kabla sijazaliwa, inanuka siki. Filamu ikianza kufa ndivyo inavyonuka. Mkuu alisema hiyo ni sinema ya maiti wa kuchekesha, haina hasara. Nikamsihi aniachie niinakili kwanza. Akasema haya, lakini nisimlilie ikinikatikia mikononi.

Ni kweli inachekesha. Kuna maiti mmoja anajikuna pua, dhahiri kabisa. Lakini kisa chake kilinishika. Watu wanatoweka katika mji, na kila mtu anamshuku mtunza bustani anayechechemea. Mwandishi wa habari, mwanamke asiyetishika, anafuata nyayo mpaka kwa mwanasayansi anayeheshimiwa na wote. Chini ya nyumba yake anakuta mke wa yule bwana amelazwa kwenye barafu, amekufa zamani, na mumewe anawaua watu ili amrudishie uhai. Mwandishi hamtukani. Anamwuliza kwa upole: "Daktari, yeye mwenyewe alikuomba umrudishe?" Mama, sauti ile! Nzito kidogo, imetulia, kama mtu anayekufunika shuka. Nilirudisha nyuma nikaisikiliza tena na tena.

Kipande cha mwisho kilikuwa kimenywea vibaya. Ilibidi nimwite fundi sauti wetu wa zamani, aliyekwisha kustaafu, ambaye wote tunamwita Masikio. Alikishika, akakinusa, akasema kitapita kwenye mtambo wa kunakili mara moja tu; baada ya hapo ni takataka. Tukakipitisha taratibu, mimi nikikiongoza kwa vidole. Katikati ukingo ukaanza kuchanika. Masikio akaninong'oneza nisihangaike, nikiachie kiende chenyewe. Nikakiachia. Kikapita. Kilipofika mwisho kikavunjika vipande vipande sakafuni, lakini nakala tulikuwa nayo.

Kwa furaha nikaanza kumsifia yule mwigizaji na sauti yake. Masikio, ambaye kumbe ndiye aliyerekodi sauti za filamu ile, akacheka mpaka akakaa. Akaniambia mwigizaji alikuwa mzuri wa sura, ila sauti yake ilikuwa kama mlango uliokosa mafuta. Maneno yote aliyasema mpiga chapa wa ofisini kwao, binti mwenye kovu kidevuni, aliyezoea kuchungulia studio wakati wa mapumziko. Tena siku za mwisho, akasema, alikuwa mjamzito. Kila walipomwambia apige ukelele, alishika tumbo kwanza akasema na mtoto wake. Masikio hakuwa na moyo wa kuyafuta maneno yale, akayaficha chini ya mvumo wa upepo. Akaongeza kwamba baadaye alisikia yule binti amepoteza sauti, na habari ile ilimuuma sana.

Mama, nililitazama kovu hilo miaka yote nikiwa mapajani mwako. Nikamwomba Masikio anifungulie upepo. Akachezea vitufe vyake, akapunguza hapa, akapandisha pale. Ndipo nikakusikia:

"Usiogope. Ni mama tu."

Halafu ukelele wako, ambao nusura unitoe roho! Masikio alinitazama, akanitazama tena, akavua kofia. Sikuhitaji kumweleza.

Sijui kwa nini hukuniambia, wala siulizi. Labda uliogopa nitaanza kulilia kitu ambacho sikuwahi kuhisi nimekikosa. Usihofu, Mama. Ulinilea kwa viganja, kwa macho, kwa kunigonga begani mara mbili nikielekea kukosea, na sikuwahi kulala bila kujua napendwa. Kwa hayo nakushukuru, na kwa ujasiri wako mbele ya kile kipaza sauti, na kwa kunitoa hofu kabla hata sijaiona dunia. Mkuu naye nimshukuru: aliposikia, aliirudisha filamu iliyobaki rafuni kwa mikono yake mwenyewe.

Jumapili nakuja na nakala. Ukitaka tutaisikiliza pamoja. Usipotaka nitakumenyea machungwa tu, tukae.

Wasalimie majirani wote, hasa yule fundi cherehani mwenye maneno mengi. Masikio anakusalimu kwa heshima, na anaomba ruhusa ya kuja kukuona.

Limebaki moja. Nilipompigia mjukuu wako ile sauti bila kumwambia ni ya nani, aliendelea kula, akasema, "Si wewe huyo?" Nikabishana naye. Akaapa ni mimi. Basi Mama, kumbe miaka yote hii, ninapokaa jikoni kwako nikipiga porojo, umekuwa ukiisikia sauti yako mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Kidoti